Kimia na Trei Nyeupe Kando ya Mto Mara

Vifaa vyenyewe havina makuu. Kuna kimia cha mraba, sentimeta 30 kwa 30, chenye matundu ya milimeta moja, kilichofungwa kwenye mpini mrefu. Kuna trei nyeupe ya plastiki, kibano laini, lenzi ya mkononi, saa, karatasi ya kujazia, na penseli badala ya kalamu kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa. Ukivitandaza vyote juu ya jiwe huko Mbalibali, kwenye mpaka wa wilaya za Tarime na Serengeti, mpita njia atadhani kuna mtu anatafuta chambo. Atakuwa hajakosea sana. Wanaotafutwa ni vidudu ambao samaki huwala, ila anayewatafuta hana haja na samaki. Anataka kujua maji haya yalikuwaje wiki iliyopita, mwezi uliopita, na msimu wote wa mvua ambao yeye hakuwepo.

Ufundi huu una jina lake la kiofisi hapa nchini: TARISS, mfumo wa Tanzania wa kuupa mto alama kwa kuangalia wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo. Uliundwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akishirikiana na Jenny Day na Helen Dallas wa Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2015. Chimbuko lake ni mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS, alioubuni Mark Chutter, ambao sasa uko kwenye toleo la tano. Waliouleta huku hawakuuchukua ulivyo. Waliwaangalia wadudu wa mito yetu, wakaongeza wale ambao kusini hawapo, wakapanga upya alama. Mimi naona kazi hiyo ya kurekebisha ndiyo ngumu kuliko kubuni, na mara nyingi haisifiwi.

Kwa nini wadudu, wakati maabara ipo? Kwa sababu chupa ya maji husema ukweli wa saa ile ilipojazwa tu. Mvua ikipiga usiku juu ya rundo la mawe yaliyochimbuliwa mgodini, maji yenye metali yakashuka kijitoni na kupita kabla ya alfajiri, chupa ya saa nne asubuhi haitakuwa na habari hiyo. Mdudu aliyejibana chini ya jiwe alikuwepo usiku ule. Hana pa kwenda. Wengine huishi majini miezi kadhaa kabla ya kuota mbawa na kuruka. Kama hayupo mahali ambapo alipaswa kuwepo, kuna jambo lilimpata, na kazi ya fundi ni kuuliza ni jambo gani.

Kazi huanza kabla ya kulowana. Mtu wa kandokando ya Mto Mara hahitaji kufundishwa kuhusu mamba na viboko, na fundi mgeni hufundishwa haraka. Huchaguliwa mahali penye maji ya kina cha goti yanayopita kwa sauti juu ya mawe. Hapo mnyama mkubwa hana pa kujificha, na kwa bahati njema ndipo wadudu wanaotafutwa hupenda kukaa, kwa sababu maji yanayovurugika hubeba oksijeni nyingi. Mwenzake husimama ukingoni akiangalia upande wa juu wa mto. Mara nyingi mto mkubwa huachwa kabisa, kazi ikafanyika kwenye vijito vinavyouingia, kama Tigithe upande wa Tarime na Somoche upande wa Serengeti. Kijito kina faida nyingine: chanzo cha uchafu kikiwepo, hakijamezwa na wingi wa maji.

Fundi husimama akielekea chini, kimia kimetangulia mbele yake na kuegemezwa kwenye sakafu ya mto. Kisha husugua na kugeuza mawe kwa miguu kwa dakika mbili, mkondo ukipeleka kila kilichong'oka ndani ya wavu. Ukimtazama asiyejua, anapiga mateke maji. Anayejua hupiga taratibu, hugeuza jiwe moja moja, na mengine huyainua na kuyasugua kwa mkono, kwa kuwa wapo wadudu bapa ambao teke haliwang'oi. Mawe yakiisha, huhamia kwenye majani na mizizi ya ukingoni na kuyapangusa kwa kimia, jumla kama mita mbili. Halafu dakika moja kwenye changarawe, mchanga na tope. Mavuno ya sehemu hizo tatu hayachanganywi. Kila moja hupata trei yake.

Hapa kwenye trei ndipo ufundi ulipo, na hapa ndipo ningependa mtu akae atazame. Trei hujazwa maji safi kidogo, takataka zinatua, na mwanzoni huoni chochote zaidi ya majani yaliyooza na mchanga. Fundi hana haraka. Huinamia trei jinsi mama anavyoinamia ungo wa mchele, macho yakiwa yamelegea, akingoja kitu kisogee. Mwendo hutangulia umbo. Kinachorukaruka kwa kasi kama uzi uliokatwa ni tunutu wa efemera wa jamii ya betidi. Kinachotambaa huku kimejibana kwenye plastiki, kikiteleza upande kama kaa, ni efemera bapa wa jamii ya heptajenidi, mwenye macho juu ya kichwa na mikia mitatu mirefu. Kinachojikunja na kujikunjua kwa hasira, tumbo limejaa manyoya meupe ya kupumulia, ni buu wa trikoptera afumaye wavu wake mdogo kati ya mawe na kungoja chakula kiletwe na mkondo. Kinachosimama wima kwa kujigandisha mkia ni buu wa usubi. Kitu chekundu kinachojipinda kama namba nane ni buu wa kironomidi, na wekundu wake unatokana na himoglobini, inayofanana na ile iliyomo kwenye damu yetu.

Halafu kuna plekoptera. Ulaya na Marekani kundi hili lina jamaa wengi wasiohesabika kirahisi. Afrika Mashariki tuna takriban jenasi moja tu, Neoperla. Mwanafunzi humchanganya na efemera mpaka afundishwe kuangalia mambo matatu: Neoperla ana mikia miwili na vishada vya kupumulia kwenye makwapa ya miguu, efemera hupumulia vibawa vilivyopangwa ubavuni mwa tumbo, na kila mguu wake una ukucha mmoja badala ya mbili. Fundi mzoefu haangalii kucha. Amekwisha kumjua kwa namna anavyotembea, ila huchukua lenzi na kuhakikisha, na tabia hiyo ya kuhakikisha jambo ambalo tayari analijua ndiyo inayonivutia kwake kuliko macho yake makali.

Muda wa kutazama trei moja hauzidi dakika 15, na dakika tano zikipita bila sura mpya kuonekana, kazi ya trei hiyo imekwisha. Wadudu hurudishwa mtoni wakiwa hai. Kwenye karatasi kila jamii hupata herufi ya wingi: A ni wawili hadi kumi, B ni kumi hadi mia, C ni mia hadi elfu. Kisha zinakuja alama. Katika SASS, minyoo wa topeni hupewa 1, kironomidi 2, plekoptera wa jamii ya Neoperla 12, heptajenidi 13, na wachache walio dhaifu kabisa 15. Alama zote hujumlishwa, halafu hugawanywa kwa idadi ya jamii zilizoonekana ili kupata wastani. Wastani huo una busara yake. Kijito kidogo chenye mawe machache kitakuwa na jamii chache na jumla ndogo hata kama maji yake ni safi, lakini wastani hautashuka sana, kwa sababu waliopo ni wa hadhi ya juu.

Sasa tuje kwenye metali, maana Mbalibali haiwezi kuzungumziwa bila dhahabu. Ng'ambo ya Tarime kuna Nyamongo na mgodi wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, na kuna wachimbaji wadogo waliokuwepo kabla yake, wenye mashimo yao yaitwayo maduara, makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuchenjulia. Miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba pia salfa, chuma, shaba na aseniki. Ikiwa chini ya ardhi haina neno. Ikichimbuliwa, ikasagwa na kuachwa ipigwe na mvua na hewa, salfa hugeuka asidi, bakteria wakiharakisha kazi, na asidi huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Mei 2009 maji ya namna hiyo yalivuja kutoka mgodini hadi Tigithe. Mgodi ulieleza kuwa plastiki ya kuzuia maji ilikuwa imeibwa. Mwaka 2012 Åsgeir Almås wa Norway na Mtanzania Manoko walichapisha vipimo vya metali kwenye udongo, tope na maji ya jirani na migodi ya Geita na North Mara. Mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa la topesumu lililokuwa likivuja.

Metali zikiingia kijitoni, wa kwanza kutoweka kwa kawaida ni yule bapa wa mikia mitatu, heptajenidi. Sababu ziko mwilini mwake. Anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, hivyo vibawa vyake vya kupumulia vina kazi ya pili ya kunyonya chembechembe za sodiamu na kalsiamu zilizomo kwa uchache. Shaba hupita mlango wa sodiamu, kadimiamu na zinki hupita ule wa kalsiamu, na mlango ukizibwa mdudu hufilisika chumvi. Zaidi ya hapo, chakula chake ni utando wa mwani anaoukwangua juu ya mawe, na utando huo hukusanya metali kuliko maji yanavyobeba. Kwa hiyo anakula sumu huku anaipumua. Mwenzake mfuma wavu, trikoptera wa haidropsikidi, hustahimili kwa kiasi cha kushangaza. Baadhi ya kironomidi hustahimili zaidi, na hujaza nafasi iliyoachwa.

Ndiyo maana fundi mzuri haishii kwenye jumla ya alama. Mifumo hii ilijengwa hasa kwa ajili ya uchafu unaooza: kinyesi, maji taka, mabaki ya viwanda vya chakula. Uchafu unaooza huua kwa kumaliza oksijeni. Metali huua kwa njia nyingine, na orodha ya waliobaki huwa tofauti. Oksijeni ikiisha, utakuta minyoo wa topeni, mabuu mekundu ya kironomidi ambayo himoglobini yake huhifadhi hewa, ruba, konokono wapandao juu kuvuta pumzi, na mbu; mfuma wavu hana maisha hapo kwa kuwa anahitaji mkondo wenye hewa. Metali zikiwepo na oksijeni ikiwa tele, mfuma wavu anaweza kuwa bado yuko kwenye jiwe lake, usubi labda naye, mbawakawa wachache wanatambaa, lakini heptajenidi hakuna na konokono wamekwisha. Alama mbili zinaweza kulingana huku visa vikiwa vimeachana kabisa. Anayejua kusoma orodha huona tofauti. Anayejua kujumlisha tu haoni.

Jambo hili lilikuwa na uzito wake Machi 2022. Maji ya Mto Mara upande wa chini, kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakafa. Watu wengi walielekeza kidole mgodini. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni. Mitandaoni watu walicheka. Mimi nisingecheka haraka, kwa kuwa upande wa Kenya wa mto huohuo watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walionesha mwaka 2018 kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000, kikilala kwenye madimbwi wakati wa kiangazi na kusombwa na mafuriko ya ghafla, humaliza oksijeni hadi samaki wakafa. Kwamba kinyesi kinaweza kuua samaki wa Mara ni jambo lililopimwa. Lakini nisingeridhika haraka pia. Mtu anayeishi karibu na mgodi uliokwisha kuvuja ana haki ya kudai zaidi ya tamko, na ushahidi wa kutosheleza ungekuwa orodha za kimia za kila msimu, miaka kadhaa nyuma, kutoka Tigithe, Somoche na mto wenyewe, zikiwekwa mezani kila mtu aone nani alikuwepo na nani ameondoka.

Ufundi wa kusoma metali kwa njia hii una umri wa karne moja. Aliyeuanza kwa makini ni mwanamke, Kathleen Carpenter, aliyeshinda kwenye mito ya Wales karibu na Aberystwyth, mito iliyoharibiwa na migodi ya risasi. Mwaka 1924 alichapisha orodha ya wanyama aliowakuta na, muhimu zaidi, ya wale ambao hakuwakuta. Migodi mingi ilikuwa imefungwa au inafungwa, na kwa kurudi mahali palepale aliweza kuona mto ukijaza upya wakazi wake kidogo kidogo. Baadaye alichunguza jinsi chumvi za metali zinavyowaua samaki. Wales na Nyamongo hazifanani kwa mengi, ila orodha ya Carpenter ingesomeka na fundi yeyote wa TARISS bila mkalimani.

Kuna mahali kimia kinaposhindwa, na fundi mkweli hulisema hilo kabla hajaulizwa. Zebaki hukikwepa. Wachimbaji wadogo huitumia kukamata chembe za dhahabu, na ingawa Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na Tanzania ikauridhia mwaka 2020, mialoni bado inatumika. Zebaki inayofika kwenye matope ya ardhioevu hugeuzwa na bakteria kuwa aina inayopanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, hadi sahani ya mtu. Mdudu aliyeibeba anaweza kuwa hai na mwenye afya ndani ya trei. Hapo hakuna ujanja wa macho. Lazima samaki wapelekwe maabara. Vivyo hivyo aseniki ya kisimani, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa miligramu 0.01 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Ukomo huo unatuleta kwenye viwango. Tanzania inavyo, vikiwemo vile vya Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kiwango ni namba, na namba hutegemea umemweka nani mbele. Chukua shaba. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani huruhusu miligramu 2 kwa lita. Marekani, kwa kulinda viumbe wa majini wanaoishi humo muda wote, ilitumia kwa miaka mingi kiwango kilichobadilika kulingana na ugumu wa maji: kwenye maji yenye ugumu wa miligramu 100, ilikuwa kama miligramu 0.009 tu. Maji yanayofaa kikombeni kwa upande wa shaba yanaweza kuzidi kiwango cha viumbe wa mtoni mara mia mbili. Maji laini huua kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kalsiamu iliyomo kwenye maji magumu hugombania milango ileile na kuizuia metali. Tangu mwaka 2007 Wamarekani wameongeza asidi na mabaki ya mimea kwenye hesabu ya shaba, kwa sababu hivyo navyo huamua ni kiasi gani cha metali kinamfikia mdudu.

Na hata namba hizo zina kasoro ambayo watu wa kimia waliiona kabla ya wengine. Nyingi zilitokana na majaribio ya maabara ya saa 48 au 96, kwa viumbe wanaofugika kirahisi. William Clements, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mto Arkansas huko Colorado, chini ya migodi ya Leadville, alikuta efemera wakipungua kwenye maji yenye metali chache kuliko zile ambazo majaribio ya muda mfupi yalidai zingewadhuru. Siku nne ni muda mfupi kwa mdudu anayekua miezi. Tunutu mchanga ni dhaifu kuliko yule mkubwa anayepelekwa maabara, na ndani ya birika hapati utando wenye sumu wa kula.

Kwa Mbalibali, kazi ngumu iliyobaki ni ya kuchagua mahali pa kulinganishia. Orodha ya kijito kilicho chini ya mgodi haina maana mpaka uiweke kando ya orodha ya kijito kisicho na mgodi. Kipi? Ukienda juu kuelekea Kogatende, unaingia kwenye viboko, na kila Julai hadi Oktoba nyumbu huvuka kwa makundi na wengi hufa maji, mizoga ikioza mtoni. Huwezi kuyaita maji hayo kipimo cha utulivu. Ukienda kijito cha mashamba, unapata udongo uliomomonyoka na mifugo. Ukichagua kijito cha mwamba wa aina nyingine, metali za asili hazitakuwa sawa, na utamlaumu mtu kwa kosa la jiwe. Kinachotakiwa ni kijito cha mwamba uleule, mteremko uleule, ng'ombe kwa kiasi kilekile, bila duara wala mwalo juu yake. Fundi anayeijua kazi yake hutembea vilima vya pande zote mbili za mto, akiuliza wazee wapi palichimbwa zamani na wapi hapakuguswa, kabla kimia hakijalowa.